Mistari Mitatu, Mistari Mitano

Alhamisi, saa tisa na robo mchana, nilikuwa nimefika kifundo cha thelathini na nne cha soksi ya mtoto, wakati muuza karanga wa kijiji cha Wamaza alipoegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa jiko la shule na kumwambia mpishi wetu kwamba yule mzee aliyekuwa akibeba fimbo za wazungu amekufa. Alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi. Dirisha la darasa la ufumaji linatazama jiko, kwa hiyo nilisikia kila neno, na jambo la kwanza nililofanya, nalikiri mbele yenu, halikuwa kusikitika. Nilishuku. Watu wa baiskeli hubeba maneno mengi kuliko karanga, nikajiuliza kama ni kweli, na kama ni kweli, kwa nini habari ije kusemwa chini ya dirisha langu.

"Alikufa lini?" mpishi akauliza.

"Siku ya kwanza ya juma. Tulimuzika kulekule Wamaza. Homa, banasema."

"Homa tu?"

"Homa tu. Weye ulitaka nini, risasi?"

"Mie sitaki kitu. Nasema tu, mutu ya vile hafi na homa peke yake."

Mutu ya vile. Kwa miaka miwili hapa Kasongo hakuwa na jina jingine. Nikatazama sindano zangu, na vifundo vyote thelathini na vinne vikaniponyoka.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu wa mwisho wa karatasi yetu, ambayo Masera, mtawa wetu wa shule, huichapa kwa wino wa zambarau na kuigawa baada ya misa, mnajua kwamba mimi si mtu wa kusema. Ndiyo maana naandika. Nikiulizwa swali darasani, jibu hunikwama kooni kama mwiba wa samaki, na mwenzangu wa pembeni hulitoa kwa niaba yangu. Mnajua pia kwamba sitaji majina, wala ya wazima wala ya wafu, maana mji huu ni mdogo na masikio yake ni makubwa. Leo desturi hiyo inaniuma, kwa sababu habari hii, kama mtakavyoona, ni habari ya jina. Na mkikuta mahali mistari imefunikwa kwa wino, msinilaumu. Mjue kwamba kuna mtu aliyeisoma kabla yenu.

Mzee huyo alizaliwa upande wa Wamaza, akachukuliwa jeshini akiwa kijana, akatembea nchi ambazo sisi tunaziona kwenye ramani tu, akarudi na mistari miwili ya koplo na goti lisilokunjika vizuri. Kampuni ya pamba ikampa kazi ya kumbebea direkta, yule mkubwa wake mzungu, fimbo za golfu. Wengi wenu mmeuona uwanja ule kwa mbali, nyuma ya magodauni: matundu sita, majani yaliyokatwa na wafungwa, na kuzunguka kila tundu mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya motokaa ili upepo usiuchukue. Sisi husema kwamba mzungu anapiga kimpira, kisha anakifuata kwa miguu na kukipiga tena, kama mtu anayefukuza kuku wake mwenyewe. Mzee hakuupenda mzaha huo. Kwake ile ilikuwa kazi yenye akili, na akili yake yote ilikuwa katika kuchagua fimbo. Nyingi zina kichwa cha chuma. Lakini mpira ukiwa umelala katikati ya uwanja, na tundu bado liko mbali, mpigaji hutoa moja kati ya mbili zenye kichwa cha mbao. Namba tatu ni ndefu, uso wake umesimama, hupeleka mpira chini na mbali. Namba tano ni fupi zaidi, uso wake umelala nyuma, hupandisha mpira juu na kuuangusha karibu. Angalieni hapo: kwa wazungu, namba ndogo ndiyo fimbo kubwa. Shikeni neno hilo, mimi nilichelewa miaka miwili kulishika.

Nayajua haya kwa sababu ya sufu. Direkta alikuwa anangoja wageni kutoka Kabambare, wazungu wa kule waliokuwa wanakuja kushindana naye, na madamu wake akataka fimbo za mbao zivalishwe kofia za kufumwa, kama alivyoona kwao. Aliagiza kwa Masera, Masera akanipa mimi, kwa kuwa nilikuwa na mkono mzuri na mdomo mdogo. Kofia ya namba tatu iwe na mistari mitatu myeupe, ya namba tano iwe na mitano. Nikatumwa kwenye baraza la direkta kupima vichwa. Mzee alikuwa ameketi sakafuni, goti lake limenyooka mbele, anapaka vichwa vile mafuta ya mawese kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto. Nilisimama pale na uzi wangu wa kupimia bila kusema neno, mpaka yeye akacheka.

"Weye ulitumwa, ao ulipotea?"

"Nilitumwa, baba."

"Basi pima. Haziumi." Akagonga kichwa cha kwanza kwa ukucha, kisha cha pili. "Sikiliza. Huyu ni mukubwa, huyu ni mudogo. Direkta akitaka, anasema tu: 'mukubwa', ao 'mudogo', na mie najua. Mukubwa iko na kiburi. Anapenda mpira ukae juu ya majani mazuri, kama bibi arusi juu ya mukeka. Ukizama kidogo tu, anakataa. Mudogo haiko na kiburi. Anaingia mu majani, anatoa mpira, anakwenda zake."

"Na direkta anajua?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Direkta anapenda mukubwa. Kila siku, mukubwa. Namuambia, bwana, mpira umezama, kamata mudogo. Hapana. Watu wakubwa banapenda vitu vikubwa." Kisha akaniangalia, mimi niliyekuwa nimejikunja nyuma ya uzi wangu. "Weye ni mudogo. Usione haya. Siku moja mpira utazama, batakutafuta."

Niliandika tu katika daftari langu jioni ile kwamba mzee wa fimbo anawasema mabwana zake mbele ya watoto wa watu, na kwamba ni mtu wa kuangaliwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kuangalia watu ndio uliokuwa mchezo wangu.

Asubuhi ya mashindano nilipeleka kofia. Madamu hakuwa na nafasi, akanionyesha kwa kidole: vaa, vaa. Nikageuza fimbo, nikasoma namba zilizochongwa chini ya vichwa, nikaivalisha namba tatu mistari mitatu na namba tano mistari mitano. Nikarudi nyuma ya nguzo kungoja kikapu changu. Mzee akaja, amevaa shati safi la kaki. Akazitazama fimbo. Akatikisa kichwa, akatabasamu, kama mtu anayekuta mtoto amevaa viatu kinyume. Kisha akavua kofia zote mbili na kuzibadilisha: mitano kwa fimbo kubwa, mitatu kwa fimbo ndogo. Akazipigapiga kidogo, akaondoka nazo. Mimi nyuma ya nguzo niliona yote. Ningeweza kusema, "Baba, kwa nini?" Maneno matatu. Mwiba ukakaa palepale kooni.

Yaliyofuata mji wote unayajua, ingawa kila mtu anayajua kwa namna yake. Kwenye tundu la sita kuna kijito na matete. Direkta na mgeni wa Kabambare walikuwa sawa, mpira wa direkta umelala vizuri, na ng'ambo ya kijito wake za wazungu wamekaa chini ya miavuli. Fimbo kubwa ingeuvusha. Kwa ajili ya wageni direkta hakusema "mukubwa" kama siku zote. Alinyoosha vidole vitatu, huku akiendelea kuongea nao. Mzee akampa fimbo ya mistari mitatu. Direkta akaivua kofia bila kuitazama, akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukapanda, ukapanda, mzuri kabisa, watu wakainua nyuso, kisha ukashuka wima katikati ya matete. Wageni wakashinda. Wapagazi wa Kabambare waliokuja nao wakapiga kelele, na mmoja wao, kwa bahati mbaya, akamwita mzee wetu kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, na kumshika mkono, maana Wamaza na Kabambare ni upande mmoja.

Siku hiyo mchana baba yangu, ambaye ni karani wa kampuni, alirudi kula na uso uliofungwa. Alimwambia mama kwamba fimbo zilichezewa, na direkta anataka kujua nani. Na mimi, ambaye mezani sikuwa nikisema hata kuomba maji, nikasema: "Mimi nilimwona mzee akibadilisha kofia. Alitabasamu." Baba akaweka kijiko chini. Wasomaji wangu, hamjui uzito wa kijiko kile. Katika maisha yangu yote hakuwahi kuacha kula ili anisikilize. Akaniuliza tena, nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na nikapenda kuisikia. Alasiri neno langu lilifika ofisini, na njiani lilikuwa limekua: "alitabasamu" lilikuwa limekuwa "alicheka", na kufika jioni sokoni lilikuwa "alicheka na watu wa Kabambare, akapokea kitu". Wenye methali wakaitoa: kikulacho ki nguoni mwako. Nilisikia fahari kidogo, kama mtu aliyemkamata chawa.

Baba ndiye aliyetafsiri wakati wa kumhoji, na baadaye alimsimulia mama, nami nikiwa mlangoni. "Nani alikutuma?" Hakuna, bwana. "Watu wa Kabambare walikupa nini?" Hawakunipa kitu. "Ulibadilisha kofia ao hukubadilisha?" Nilibadilisha. "Basi." Wakaandika katika kitabu chake cha kazi kwamba si mwaminifu, na kwa kitabu cha namna hiyo hakuna kampuni inayokufungulia mlango. Akarudi Wamaza kulima pamba ileile aliyoiacha ujanani, na mke wake akabaki hapa kwa binti yao. Mwezi uliofuata baba yangu alipewa baiskeli ya kazi, mpya, yenye taa. Sijawahi kumuuliza kwa nini. Kila anapoipangusa, najiuliza.

Msidhani nasema haya ili kumlaumu mtu mmoja. Sisi sote tunaishi hivyo siku hizi. Madamu hufunga sukari kwa ufunguo, na mpishi wake huonja chai mbele yake kama kwamba kila kijiko kina sumu. Sisi nasi tunaambiana tusipite karibu na nyumba za wazungu giza likiingia, kwa sababu ya mitumbula, wale wanaosemwa wanakamata watu na kuwanenepesha. Karani anamshuku mlinzi, mlinzi anamshuku mpagazi, Masera hupekua madaftari yetu, na sisi tunaficha daftari la pili chini ya la kwanza. Kila mtu amekuwa shahidi, na hakuna aliyeona kitu. Mimi mwenyewe, nikiandika sentensi hii, nashuku kwamba naiandika ili nionekane mwema.

Alhamisi ileile, baada ya masomo, mama aliniambia tuende matangani kwa binti wa marehemu, maana yeye na binti huyo huuza mihogo pamoja. "Matanga ni matanga," alisema. "Tutakaa kidogo. Usiongee na watu wa kule." Kana kwamba ninaongea na watu wa huku. Tulikuta watu wachache. Waliokuja walikaa karibu na mlango wa ua, tayari kuondoka, na wanaume wawili walikuwa wanasemezana kwa kunong'ona, wakanyamaza tulipopita. Nikaenda nyuma ya nyumba walikokuwa wanawake wanatwanga sombe, majani ya mihogo, kwa sababu penye kazi hakuna anayekuuliza habari. Mjane, mama mzee mwembamba aliyefunga kiuno kwa kitambaa cheusi, alinitazama juu mpaka chini.

"Weye ni mutoto wa karani."

"Ndiyo, mama."

"Karibu. Kamata mchi, usisimame kama nguzo."

Michi mitatu ilikuwa imeegemezwa ukutani, yote ya mti mwekundu, imechongwa vizuri. Nikanyoosha mkono kwa ule uliokuwa karibu. Wanawake wakapiga kelele wote pamoja.

"Aa, aa! Si huo!" mjane alisema. "Huo ni wa mistari mitano, utakuvunja mikono. Mikono ya masomo! Kamata wa mustari moja."

Mwanamke mmoja akacheka: "Muache ajaribu wa mitano, akalale siku tatu."

Nikatazama. Kwenye shingo ya kila mchi palikuwa na mistari iliyochomwa kwa chuma cha moto. Mchi mwepesi, mstari mmoja. Wa kati, mitatu. Ule mzito kama kisiki, mitano.

"Nani aliiweka?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Nani tena? Yeye. Alitoka mu jeshi na kichwa cha mistari. Vitu vyote vya nyumba hii viko vile, mitungi, majembe, hata ungo. Mwenye nguvu anapata mistari mingi. Alisema: serjenti hawezi kuvaa mistari michache kuliko koplo, dunia itapinduka."

Nikashika ule mchi wa mstari mmoja na nikatwanga, kwa sababu kama ningesimama wangeona uso wangu. Kila pigo lilikuwa linanirudisha nyuma ya nguzo. Alikuta fimbo kubwa imevaa mistari mitatu na ndogo mitano. Alikuta dunia imepinduka, imepinduliwa na msichana mdogo asiyejua mambo, akamsahihishia kwa tabasamu ili asigombezwe na madamu. Nikamuuliza mjane, polepole, kama mumewe aliwahi kumwambia juu ya siku ile.

"Kila siku aliniambia. Alisema: bwana aliomba mistari mitatu, nikamupa mistari mitatu. Nikafurahi, nikasema leo amenisikia, anakamata mudogo abaki huku ya kijito. Halafu akapiga kama mutu anaua nyoka." Akafuta mikono. "Nimewaambia watu. Nani anamusikia muke ya mwizi? Na mie sijui kuhesabu kwa kizungu."

Ndipo nikaelewa kwamba katika mji mzima, pengine ni mimi peke yangu niliyekuwa na vipande vyote viwili mkononi: namba zilizochongwa chini ya fimbo, na mistari iliyochomwa kwenye mchi. Na hapohapo nikashuku tena, ndivyo nilivyo. Nikajiuliza kama mjane ameniwekea michi ile makusudi, mtoto wa karani, ili niione. Nikaitazama yote mitatu kwa karibu. Mistari ilikuwa imelika kwa mikono ya miaka mingi, mingine karibu imefutika. Hakuna anayeandaa uongo kwa muda mrefu kiasi kile.

Kumbe kulikuwa na jambo lililokuwa linangoja. Binti wa marehemu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku chache kabla ya kifo, na asubuhi ya kesho yake mtoto angetolewa nje na kupewa jina. Mama yake na bibi yake walitaka jina la mzee. Mtu akiondoka na mwingine akaja, jina halitafuti njia mbali. Lakini baba mdogo wa mume wa binti, ambaye ndiye mkubwa wa upande ule, alikuwa amekataa, na alikataa tena mbele yetu, amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Jina la mutu aliyeuza bwana yake? Mutoto ataiba tangu mu mgongo ya mama yake. Mutamupa jina lingine. La mutu mwingine, wa Kasongo."

"Baba, jina likikataliwa kesho, limekufa," binti alisema, mtoto akiwa kifuani. "Haliwezi kurudi."

"Life basi. Majina hayajaisha."

Mama akanivuta mkono, tukaondoka. Na mimi nilikuwa na maneno yote tayari, nimeyapanga kama vifundo kwenye sindano, na sikutoa hata moja.

Nilikaa na jambo hili muda wote uliobaki wa siku ile, na hili ndilo nililolipata. Mzee aliulizwa maswali matatu, na yote yalikuwa na jibu ndani yake kabla hajafungua mdomo. Nani alikutuma, walikupa nini, ulifanya ao hukufanya. Swali la nne halikuulizwa na yeyote, wala na direkta ambaye namba zilikuwa chini ya mkono wake na hakutazama, wala na baba yangu aliyejua kusema lugha mbili, wala na mimi niliyeona kwa macho. Kwa nini. Tunadhani anayeshuku ni mtu wa kuuliza sana, lakini mwenye shaka haulizi, yeye anathibitisha. Haya zangu, ambazo ninyi mmezisifu kuwa ni adabu, zilimfunga mzee mdomo mara ya kwanza, na siku nilipozivua niliongea ili kijiko kiwekwe chini, si ili mtu ajulikane. Ile methali waliyoitoa sokoni ilikuwa kweli kabisa: kilichomla kilikuwa nguoni. Nguo yenyewe niliifuma mimi.

Ijumaa asubuhi, saa moja kasoro robo, baba alikuwa uani anapangusa baiskeli.

"Unaenda wapi na nguo ya shule, na kengele bado?"

"Kutoa mtoto nje, baba. Kule kwa binti wa mzee wa fimbo." Kisha, kwa kuwa nilijua nikinyamaza sitasema tena, nikamweleza yote, mistari na michi. Aliendelea kupangusa taa ileile iliyokwisha kung'aa.

"Fimbo zilikuwa na namba chini," akasema mwishoni, bila kuniangalia. "Kila mtu anayesoma angeweza kuona."

"Wewe uliona, baba?"

Akasogeza tu baiskeli ili nipite. Nami simwandikii jibu.

Nilipofika walikuwa wamekwisha kutandika mkeka mbele ya mlango. Baba mdogo yule alikuwa amesimama katikati, ametaja jina la mtu wa ukoo wake, na binti alikuwa analia bila sauti. Sikuomba ruhusa, kama ningeomba, nisingepata sauti ya pili. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikabeba mchi wa mistari mitatu na ule wa mitano, mmoja mmoja maana ule mkubwa ulinishinda, nikauburuta, watu wakaanza kucheka, nikaiweka mbele ya miguu ya baba mdogo.

"Baba, mkitaka mchi mzito, mtachukua upi?"

"Huyu mutoto ana nini? Mutoto ya nani huyu?"

"Mutoto ya karani," mtu akasema nyuma. "Yule asiyeongea."

"Nijibuni, baba, tafadhali. Upi?"

Akatazama chini kwa hasira. "Wa mitano. Hata kipofu anaona."

"Mzee naye aliona vivyo hivyo," nikasema. Nikawaeleza namba za wazungu zinavyokwenda kinyume, na nani aliyezifuma zile kofia, na nani aliyekuwa nyuma ya nguzo, na nani aliyekwenda kusema mezani kwa baba yake. Nilipofika mwisho hakuna aliyepiga makofi wala aliyelia. Wanaume waliinama, wakaanza kupapasa ile mistari kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, wakiitafuta hila. Baba mdogo naye alipapasa, akainua mchi wa mitano, akapima uzito wake, akaurudisha.

"Tutaona," alisema. Akasogea upande, akaacha mlango wazi.

Mjane akamtoa mtoto kwa mama yake, akaniletea mimi, amefunikwa shuka nyeupe.

"Weye ulilitoa jina hili mu midomo ya watu," aliniambia. "Sasa lirudishe. Umuite."

Hapa, kama kawaida yangu, siandiki jina. Lakini nililitaja, mara tatu kama inavyotakiwa, na mara ya tatu wale waliokuwa barabarani wakienda sokoni walisimama kutazama ni nani anayepiga kelele.